Tromsø mpaka Longyearbyen kwa ndege: umbali, muda, na ile foleni ya paspoti (uzoefu wangu)

Naanza na jibu kabisa maana najua wengi wanaouliza wanataka hilo tu: Tromsø mpaka Longyearbyen ni kama kilomita 960 ukipiga mstari ulionyooka, na kwenye tiketi wanaandika saa moja na dakika 35 au 40 hivi. Huo ndo umbali na huo ndo muda. Ila ukipanga safari kwa namba hizo mbili peke yake utakuja kushangaa, kwa sababu hii ndege nimeshaipanda kwenda na kurudi na nakwambia angani ndo sehemu fupi na rahisi kuliko zote kwenye safari nzima.

Kwa wasiojua, Tromsø iko juu kabisa kaskazini mwa Norway, nyuzi 69 na ushee kutoka Ikweta, mi naishi huku kikazi, mtoto wa Tanga wa watu nimejikuta navaa soksi mbili mbili. Longyearbyen ndo mji mkuu wa Svalbard, vile visiwa vilivyo kati ya Norway na ncha ya dunia, nyuzi 78. Uwanja wake ndo wa kaskazini kuliko vyote duniani ambao mtu wa kawaida kama mimi na wewe anaweza kukata tiketi ya ndege ya ratiba akaenda. Ulifunguliwa 1975 na umejengwa juu ya ardhi ambayo chini yake imeganda mwaka mzima, na ndo maana njia ya kurukia imekuwa ikisumbua miaka yote, inabonyea huku inanyanyuka kule, wanakarabati, inabonyea tena. Kutoka pale mpaka ncha ya kaskazini yenyewe zimebaki kama kilomita 1,300 tu. Nina rafiki anafanya kazi hotelini kule, nilienda kumsalimia.

Sasa hizo kilomita 960 ni nyingi au kidogo? Kwa mtu wa nyumbani: Dar mpaka Mwanza kwa anga ni kama 850, Dar mpaka Bukoba inagusa 1,000 na kidogo, kwa hiyo hii iko hapo katikati. Si mbali kabisa. Lakini fungua ramani kwenye simu uone inavyotisha. Mama nilimtumia picha ya ramani kabla ya kuondoka akanipigia palepale, "Mwanangu, huko si umeshatoka duniani?" Na ana haki, kwa sababu kwenye ile ramani ya simu mstari wa Tromsø na Longyearbyen unaonekana mrefu kuliko Dar mpaka Johannesburg, wakati Dar mpaka Johannesburg ni kilomita 2,400 na kitu.

Tatizo ni ramani yenyewe. Dunia ni duara, ukitaka kuilaza iwe bapa lazima uivute mahali, na hii ramani tuliyoizoea inavuta zaidi kadiri unavyokaribia ncha. Pale Ikweta ukienda nyuzi moja kuelekea mashariki umetembea kama kilomita 111, pale Longyearbyen nyuzi hiyohiyo moja ni kama kilomita 23 tu, kwa sababu mistari yote inaenda kukutana kule juu. Ramani haitaki kuonyesha inakutana, inailazimisha iende sambamba, kwa hiyo ikifika usawa wa Svalbard kila kitu kimekuzwa karibu mara tano. Ndo maana Greenland inaonekana kubwa kama Afrika wakati Afrika inaimeza mara kumi na nne na inabaki na nafasi. Kwa hiyo mtu akikuonyesha ramani ya huku juu na kukwambia "ona ilivyo mbali", mwambie alete kilomita.

Na hapo ndo zinakuja zile websaiti na apu za kupima umbali wa ndege, unaandika uwanja wa kuondokea na wa kufikia inakuletea kilomita na muda. Nimezitumia kadhaa na kwa njia hii nazipa alama zote, tusidanganyane. Hesabu yao nyingi ni rahisi tu, zinapima mstari mfupi kuliko yote juu ya duara la dunia, zinagawa kwa mwendo wa kama kilomita 800 kwa saa, halafu zinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Chukua 960 gawa kwa 800 unapata saa moja na dakika 12, ongeza nusu saa, saa moja na dakika 42. Tiketi inasemaje? Karibu hivyohivyo. Ni ndege kubwa ya kawaida ya jeti, inaenda moja kwa moja kaskazini, chini ni bahari tu (na kisiwa cha Bjørnøya huko katikati kama mawingu yameachia), hakuna kona hakuna kituo, kwa hiyo hesabu haina pa kukosea.

Ila usizichukulie hizo apu kama msahafu ukiwa huku kaskazini, maana ukihamia kwenye njia nyingine zinakuangusha vibaya. Mfano Tromsø kwenda Kirkenes, kule mpakani na Urusi. Kilomita kama 420 tu kwa anga, apu inakwambia lisaa limoja umefika. Ukipata ya moja kwa moja sawa, sina ubishi. Sasa ukipata ile ndege ya mapangaboi inayopita vijiji vya pwani ya Finnmark, mkoa wa huku kaskazini, ah, ile ni daladala ya angani. Hammerfest inashusha, Mehamn inapakia, Båtsfjord, Vadsø, inategemea na ratiba ya siku hiyo, viwanja vyenyewe vidogo vina njia ya kama mita 800 tu, unatua breki zinashikwa mpaka kichwa kinaenda mbele, wanashuka wawili anapanda bibi mmoja na kikapu, mnapaa tena hata mkanda hujaufungua. Kilomita ni zilezile, masaa yanaweza kuwa mawili, matatu. Kwa hiyo ukitaka kujua muda wa kusafiri huku, kabla hujauliza kilomita uliza inatua mara ngapi.

Na kingine watu hawakijui, ule muda wa kwenye tiketi haumaanishi muda wa kuwa angani. Unahesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea ilipoegeshwa mpaka inapokwenda kuegeshwa kule mwisho. Ndani yake kuna kusubiri zamu ya kuruka, na msimu wa baridi kuna kuoga. Ndiyo, ndege inaogeshwa. Inasogezwa pembeni, yanakuja magari yenye mikono mirefu yanaimwagia dawa ya moto ya kuyeyusha barafu kwenye mabawa, dirisha lote linafunikwa na ujiuji wa rangi huoni nje, mvuke unapanda, mara ya kwanza nilidhani kuna kitu kinaungua. Hapo zinapita dakika zako kumi au zaidi. Angani penyewe tulikaa kama lisaa na robo hivi.

Sasa tuje kwenye muda wa kweli, ule unaoumia wewe.

Tromsø uwanja uko karibu na mji, kama kilomita 5, na kuna barabara zimechimbwa chini ya kisiwa kizima zina mpaka vipilefti huko chini, kwa hiyo kufika ni fasta. Usalama fasta. Kinachokula muda ni paspoti. Wengi wanasema "si Norway hiyohiyo, ntatembea na kitambulisho changu", hapana. Svalbard ni ya Norway lakini haiko ndani ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana paspoti mipakani, ukienda kule kwa macho ya uhamiaji umetoka nje, unapita kwenye kibanda unagongewa na kuulizwa kama vile unaenda Nairobi. Na ndege nyingine zinatoka Oslo zinapita Tromsø, basi waliopanda Oslo nao wanashushwa wote, wanapitishwa kwenye vibanda, halafu wanarudi kwenye ndege ileile na viti vilevile. Kwa hiyo ukifika pale umejiandaa kwa foleni ya watu wa Tromsø unakuta ndege nzima imemwagwa mbele yako. Sisi wenye paspoti za kwetu ndo tunachukua muda zaidi pale dirishani, mnajua wenyewe, anageuza kurasa, anaangalia kadi ya ukaazi, anaangalia uso, anarudi kwenye kadi. Kiroho safi tu lakini dakika zinaenda. Wenye kuishi Norway bebeni vyote viwili, paspoti na kadi ya ukaazi, moja peke yake haitoshi.

Na wenye viza ya kutembelea nisikilizeni vizuri, hii ndo sababu kubwa ya kuandika haya yote. Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na kijana, alionekana mtalii, begi jipya, koti jipya mpaka karatasi ya bei nadhani ilikuwa bado inaning'inia. Alipofika dirishani nikasikia yule ofisa anamuelewesha kwa upole kabisa kwamba viza yako ni ya kuingia mara moja, ukipita hapa umetoka, na kurudi utarudi na nini? Kijana akakaa kimya. Akauliza tena, akajibiwa vilevile. Akatoka kwenye foleni akasimama pembeni pale ukutani na simu sikioni, na tulipoitwa kupanda alikuwa bado amesimama palepale. Tiketi imekwenda, hoteli imekwenda.

Kichekesho ni kwamba Svalbard yenyewe haitaki viza ya mtu yeyote. Kuna mkataba wa 1920 uliosainiwa Paris, ukaanza kazi 1925, Norway ikapewa mamlaka ya visiwa lakini raia wa nchi zilizosaini wakapewa haki sawa ya kuingia na kufanya shughuli zao, na Norway kwa utaratibu wake haimbagui mtu hata kama nchi yake haikusaini. Mtanzania, Mkenya, Mkongo, yeyote anaweza kwenda kukaa na kufanya kazi Longyearbyen bila viza. Ila ndege za abiria zinapita Norway bara, na Norway bara ni Schengen. Kwa hiyo unahitaji viza ya kuingia angalau mara mbili, ya kwanza unapokuja na ya pili unaporudi kutoka kule. Ukiomba viza ubalozini sema mapema kwamba unataka kwenda Svalbard, na ikitoka isome ile sehemu ya idadi ya kuingia kabla hujalipia kitu chochote.

Niliyekaa naye kiti cha pembeni alikuwa dada wa Kifilipino, anaishi kule miaka mingi, anafanya usafi na duka. Aliniambia Wafilipino na Wathai ni wengi sana mjini, wamejaa, na ni kweli nilivyofika nikawaona kila kona. Nikamuuliza maisha yakoje, akasema kodi ya mapato ndogo, ila ukikosa kazi ukashindwa kujilipia, hakuna wa kukulea, gavana anakurudisha ulikotoka. Akalala. Aliamka magurudumu yanagusa chini, ndo ujue safari ilivyo fupi.

Mi sikulala kwa sababu ya dirisha. Ilikuwa mwanzoni mwa Februari, ndege ya mchana. Tromsø jua lilikuwa limesharudi, maana huku linapotea mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari, ila Longyearbyen linapotea tangu mwisho wa Oktoba na halichomozi tena mpaka katikati ya Februari. Kwa hiyo tuliondoka kuna jua la mchana limelala kule chini kwenye upeo, jekundu kama la magharibi, na kadiri tunavyoenda kaskazini linazidi kuzama, saa ya mkononi inasema bado ni mchana. Tukiwa juu lilikuwa bado linachungulia, rubani alipoanza kushuka likatoweka kabisa, ikabaki rangi ya bluu tupu, theluji ya bluu, milima ya bluu. Saa hazibadiliki, Svalbard wanatumia saa zilezile za Oslo, lakini mwili unakataa. Wanaopanga kwenda, chagueni msimu kwa makini maana kuanzia kama tarehe 20 Aprili mpaka karibu mwisho wa Agosti ni kinyume chake, jua halizami, utatua usiku wa manane na kuna mwanga wa kuchoma nyama.

Kutua ni laini japo milima iko karibu, anayeogopa ndege afumbe macho dakika tano za mwisho. Hakuna lile bomba la kutokea, unashuka kwa ngazi unatembea kwa miguu mpaka jengoni, na upepo wa pale haukusalimii, unakuvamia. Vaeni koti mkiwa bado kwenye kiti, msiliweke kwenye begi la chini kama baadhi ya watu niliowaona wanakimbia na shati. Ndani sehemu ya kuchukulia mizigo kuna dubu mweupe aliyekaushwa amesimama katikati ya mkanda, mabegi yanamzunguka. Watoto walifurahi, mi nilifurahi kuliko watoto. Nje kuna kibao cha kuonya kuhusu dubu wa kweli na kuna nguzo yenye mishale ya miji ya dunia na kilomita zake. Dar haikuwepo, nikapiga hesabu mwenyewe kwenye simu vidole vikiganda, ni karibu 9,600. Ule mlango wa lile ghala la mbegu la dunia lililofunguliwa 2008 uko mlimani hapohapo juu ya uwanja, ukiwa na bahati utauona taa zake.

Basi la uwanjani linasubiri ndege na linapita mahoteli, mji uko kama kilomita 5, usihangaike na teksi. Na bodingi pasi usiitupe, kwa wanaokunywa, pombe kule inauzwa kwa mgao na mgeni anaonyesha tiketi ya safari dukani ndo auziwe.

Nikijumlisha tangu nafunga mlango wangu Tromsø mpaka rafiki yangu ananifungulia wake, ilikuwa kama masaa matano. Kwa ndege ya saa moja na dakika 40. Na hapo kila kitu kilienda sawa.

Kurudi hakikwenda sawa. Hali ya hewa ilichafuka, upepo na theluji, ikatangazwa imechelewa, ikasogezwa tena, mwisho ikafutwa. Hapa simlaumu mtu, kule kama haonekani mlima huwezi kumwambia rubani ajitahidi, na hii ni ardhi ambayo 1996 ndege ya abiria kutoka Urusi iligonga mlima karibu na Longyearbyen wakafa watu wote 141. Bora nilale. Ila ujue hakuna njia mbadala, hakuna treni, hakuna basi, meli ni za watalii na za mizigo, na barabara za kule zinaishia palepale mjini, hata kwenda Barentsburg kwa Warusi ni boti au pikipiki ya theluji. Ndege ikifutwa umefutwa na wewe. Chumba kilichobaki mjini bei yake sitaki kuikumbuka, rafiki akaniwekea godoro. Wakati huohuo kuna jamaa alikuwa na tiketi nyingine tofauti ya kutoka Tromsø kwenda Oslo na kutoka Oslo kwenda kwao, kila moja kakata kivyake zikiwa zimebanana, zote zikamwangukia kama dhumna. Kama unaunganisha, kata tiketi moja yote, au acha siku nzima katikati.

Nyota: safari yenyewe angani naipa 4 kati ya 5, nimetoa moja kwa sababu ya nafasi ya magoti. Apu za umbali 5 kwa njia hii, 2 kwa njia za pwani ya Finnmark. Foleni ya paspoti 2, ikitokea imeangukiana na ndege ya Oslo 1.

Walioniuliza kama inafaa kuunganisha mpaka Ny-Ålesund, kule juu zaidi: ni kama kilomita 110 kutoka Longyearbyen, kindege kidogo cha mapangaboi, dakika 25 hivi, ila ni cha watafiti na wafanyakazi wa kule, mtalii hukati tu tiketi ukapanda. Na wanaotaka kutoka Oslo moja kwa moja bila kupita Tromsø, zipo, ni kama kilomita 2,000, masaa kama matatu, paspoti unakaguliwa Oslo kwenyewe na foleni yake ina madirisha mengi zaidi. Kama bei zimelingana mi ningechukua hiyo, isipokuwa uwe unaishi Tromsø kama mimi.